Stima Niliyoimeza

Migosi, Kisumu
2 Februari 2025

Nakhumicha wangu,

Usishangae kupata karatasi. Nimefunga kurasa zangu zote za mtandaoni, na simu nimeibakisha kwa ajili ya mama na watu wa kazi tu. Nikikupigia nitalia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Nikishika kalamu huwa natulia. Barua hii nimempa dereva wa gari la Port Victoria, mshukuru kwa niaba yangu.

Jambo ni hili. Ile kampuni ya vizimba, wale wanaofuga samaki aina ya ngege kwenye nyavu ndani ya ziwa, wamenihoji. Kazi ni afisa wa mahusiano na jamii: kukaa na watu wa fuo, kuwaeleza kampuni inafanya nini, kupeleka malalamiko yao ofisini, kuandika matangazo yote kwa Kiswahili. Nakhu, nilijibu vizuri. Unaijua ile hali ya maneno kuja yenyewe, wewe unabaki kuyafungulia mlango tu? Mwishoni bwana mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, anaitwa Waswa, akanisogezea karatasi nitie sahihi. Inasema kuna watu wa Nairobi waliopewa kazi ya kupitia kila kitu ambacho mwombaji amewahi kuandika mtandaoni, au kuonekana nacho.

"Ni utaratibu tu, madam," akasema. "Kila mtu anatia."

Nikatia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijisoma.

Hujui hiyo ni kazi gani. Nilianzia tulipoingia chuo. Kuna msichana, mimi wa wakati ule, aliandika, "Wanaume wa Kisumu ni kama mtandao wa kijijini, unaupata ukisimama mahali pamoja tu na mkono juu." Watu wakacheka, naye akacheka nao. Nilimsoma kwa macho ya mtu wa Nairobi anayelipwa kumshuku, na baada ya muda nikaanza kumshuku mimi mwenyewe. Nimefuta mizaha. Nimefuta picha. Nimefuta hata mistari ya Biblia, kwa sababu ilikuwa mingi mno wiki za mtihani na ningeonekana mtu mwenye shida. Kila nilichofuta kilinifanya nijiulize nimebakisha nani.

Na unajua kwa nini naogopa. Pasipoti yangu iko kwa wakala wa kazi za Uarabuni. Vipimo vya hospitali nilishafanya. Mwisho wa Machi napanda ndege kwenda kufua na kupika katika nyumba ya watu nisiowajua, na mama kule Ahero hanikatazi, ananiombea tu kwa sauti ya juu ili nisikie. Nikipata kazi hii naenda kuchukua pasipoti yangu. Nisipopata, naondoka.

Tafadhali ondoa picha zangu zote kwenye ukurasa wako. Hata zile nzuri.

Wako,
Maryanne Aloo


Port Victoria
6 Februari 2025

Aloo,

Barua ya bahasha! Niliifungulia katika chumba cha walimu, mwalimu wa hesabu akaniuliza nani amefariki.

Nimeondoa zote kama ulivyoniagiza. Ile ya Dunga umemshika mbuta kwa mikono miwili kama vile atarudi majini, nimeiondoa nikiwa nimenuna. Picha za harusi ya Griffins si zangu, ziko kwa Griffins mwenyewe, na huyo binamu yako kila mwezi ana namba mpya. Mtafute.

Lakini niulize kitu, na usinikasirikie. Huyo mtu wa Nairobi akikutafuta sasa atakuta nini? Ukuta uliopakwa chokaa jana. Mimi ni mwalimu. Nikiingia darasani nikakuta watu arobaini wamenyamaza kwa pamoja, sisemi "watoto wazuri hawa." Natafuta nani amevunja dirisha.

Na lile andiko lako la samaki waliokufa, umelifuta? Lile ndilo mimi ningeliogopa. Wewe unaomba kazi kwa wafuga samaki. Najua ulilipenda, na najua lilizunguka fuo zote, mpaka huku kwetu lilifika, ingawa kila aliyelituma alishakata jina lako. Hata hivyo mwenye kutafuta hutafuta. Kama hujalifuta, lifute leo, nami kesho nitakuomba radhi kwa kukushauri uoga.

Kuhusu Uarabuni sisemi. Nikisema nitaharibu karatasi.

Kula. Ukiwa na wasiwasi wewe huwa unakunywa chai mpaka unatetemeka, kisha unasema ni baridi ya Kisumu. Kisumu ina baridi gani?

Mwalimu wako,
Agneta Nakhumicha


KAMPUNI YA VIZIMBA VYA NGEGE
Ofisi ya Wafanyakazi, Kisumu
12 Februari 2025

Kwa Bi. Maryanne Aloo,

KUH: OMBI LAKO LA KAZI YA AFISA WA MAHUSIANO NA JAMII

Kwa kuwa atakayepata kazi hii ataandika kwa Kiswahili, kampuni imeamua kuwa mawasiliano yote na waombaji yawe kwa lugha hiyo. Utanisamehe pale nitakapojikwaa.

Taarifa ya ukaguzi wa mitandao imetufikia. Kuna jambo moja lililowekwa hadharani takriban miaka miwili iliyopita ambalo limeleta maswali kuhusu mwenendo wako, na hasa kuhusu unavyowachukulia watu wa ziwa na mali iliyo ziwani. Kabla kamati haijaketi, unaombwa ulieleze kwa maandishi. Tafadhali andika ukweli wote.

Wako mwaminifu,
Nicodemus Waswa
Afisa wa Wafanyakazi


Migosi, Kisumu
13 Februari 2025

Kwa Bw. Waswa,

Nalijua andiko mnaloniuliza. Nilikuwa nimelifuta, na sasa naona kwamba kufuta ni kujificha nyuma ya kioo. Nitaeleza.

Ilikuwa Februari 2023. Nilikuwa kwa shangazi yangu, kwenye ufuo ulio mbele ya vizimba vya kampuni nyingine, si yenu. Asubuhi tuliamka tukakuta ngege wanaelea tumbo juu kuanzia vizimbani hadi kwenye mchanga. Harufu iliingia kanisani. Watu waliuliza maswali ya kawaida kabisa: maji yana sumu? Watoto waoge wapi? Samaki tuliowavua sisi wenyewe tuuze au tutupe? Siku ya tatu kampuni ikaleta tangazo, likabandikwa kwenye banda la mizani. Ukurasa mzima, Kiingereza kitupu. Mimi ndiye niliyeitwa kulisoma. Nilisoma, nikafasiri mstari kwa mstari, na nilipomaliza mzee mmoja akaniuliza, "Sasa wewe msomi, wamesema nini?" Nikarudi juu ya ukurasa kutafuta. Hawakuwa wamesema chochote.

Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikaandika haya: "Wafugaji wa vizimba wanawajua samaki wao kwa idadi, sisi hawatujui hata kwa sura. Wakituandikia, wanaandika ili wasisomeke. Na yule wanayemweka kwenye meza ya mahusiano na jamii si mtu, ni pazia."

Naomba radhi kwa neno pazia, kwa sababu sikuwa nikimjua aliyeketi kwenye meza ile. Kwa mengine siwezi kuomba radhi. Mkiniuliza leo nitasema yale yale, kwa upole zaidi. Niliomba kazi hii kwa sababu ya asubuhi ile. Kama ndiyo inayoniondoa, nitaelewa.

Wako mwaminifu,
Maryanne Aloo


KAMPUNI YA VIZIMBA VYA NGEGE
Ofisi ya Wafanyakazi, Kisumu
17 Februari 2025

Kwa Bi. Aloo,

KUH: MAELEZO YAKO

Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili.

Andiko unalolieleza halimo katika taarifa tuliyoletewa. Hatukuliuliza.

Jambo tuliloliuliza ni video ya harusi iliyofanyika Ahero mwezi wa Aprili 2023. Iliwekwa na Bw. Griffins Opondo kwenye ukurasa anaouzia viatu, na chini yake ameandika tafsiri ya Kiswahili. Unaonekana umeshika maikrofoni, umevaa gauni la kijani, unazungumza Kijaluo kwa sauti kubwa mbele ya umati. Kwa kufuata tafsiri hiyo, wakaguzi wa Nairobi wameorodhesha mambo unayoyakiri:

(a) Kwamba "nimekausha ziwa kwa kijiko cha chai." Wanauliza kama ni uvuvi wa nyavu haramu.

(b) Kwamba "mamba wananilipa kodi ya nyumba." Wanauliza kama Mamba ni jina la genge linalowatoza wavuvi.

(c) Kwamba "nimemeza stima ya serikali na mataa yake, nikaiteremsha kwa uji." Hili wamelitia alama nyekundu. Wizi wa umeme ni kosa la jinai.

(d) Kwamba "polisi wakiniona wananiamkia kwa mikono miwili." Wanashuku hongo.

(e) Kwamba rafiki yako, Nakhumicha, "amewafuta walimu wakuu watatu kwa chaki moja." Hili halituhusu, lakini limeandikwa.

Tafadhali jibu kabla ya Ijumaa jioni. Mimi natoka Bungoma na sijui Kijaluo. Eleza kama unamweleza mtu wa namna hiyo.

Barua yako ya tarehe 13 nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Haijibu swali lolote lililoulizwa, kwa hiyo haina faili la kuingia.

Nicodemus Waswa
Afisa wa Wafanyakazi


Kisumu
17 Februari 2025

Nakhu,

Nimekiri kosa nisiloulizwa.

Hawakuliona lile andiko la samaki. Nililiandika lote upya kwa mkono wangu nikampelekea Waswa mezani, na neno pazia ndani yake, na kwamba kwa mengine sitaomba radhi. Yeye alikuwa anauliza habari ya harusi ya Griffins! Nimeambatanisha nakala ya orodha yake. Soma ukiwa umeketi. Na wewe umo, kwenye (e).

Unakumbuka siku ile? Ngoma ya ohangla ilikuwa imepamba moto, watu wanasimamisha muziki mmoja mmoja ili wajisifu. Mjomba mmoja akachukua maikrofoni akasema yeye ndiye ng'ombe dume aliyezaliwa na suruali, wapiga ngoma wakampigia, watu wakaanguka chini kwa kicheko. Wewe ukanisukuma mgongoni: "Aloo, nenda ujipake!" yaani nijisifu kwa pakruok. Mimi, ambaye darasani miaka minne sikuinua mkono. Nikaenda. Sikuwa nimepanga neno hata moja. Nilijisifu, nikakusifu, ngoma zikarudi, na kwa dakika chache sikujisikia mtu anayejitazama kutoka nje. Ndiyo mara pekee, Nakhu. Na ndiyo waliyoitia alama nyekundu.

Na stima! Mimi nilisema meli. Griffins, kwa kutaka kuonekana anajua Kiswahili cha kamusi, akaandika stima.

Nitaelezaje mchezo bila kuuua? Kila sentensi ninayoanza inanifanya nionekane mwizi mwenye elimu. Wakala naye amepiga leo, anasema tiketi inatafutwa.

A.


Port Victoria
19 Februari 2025

Aloo,

Nimesoma orodha nikiwa nimeketi, nikaishia nimepiga magoti, mkono mmoja kwenye dawati. "Wanauliza kama Mamba ni jina la genge." Mungu wangu! Mwalimu wa hesabu ameacha kuuliza nani amefariki, sasa anauliza kama nimeanza kunywa.

Halafu nikafika kwenye (e), kicheko kikakauka. Mwalimu mkuu wetu akiiona hiyo chaki, tutapanda ndege moja mimi na wewe.

Sasa sikiliza, maana gari linaondoka saa nane. Kuhusu stima: huyu Griffins amekosea, lakini kosa lake ni la kitabu. Stima ni meli ya moshi, ndivyo wazee walivyoiita kabla ya neno hilo kuhamia kwenye nyaya. Kenya nzima leo ukisema stima mtu anatazama balbu. Na wewe ulisema ina mataa! Kwa hiyo mkaguzi wa Nairobi hakudanganya, alisoma anachokijua. Mweleze hivyo bila kumdharau.

Pili, usieleze kama unajibu mtihani. Nakujua, utaanza na "kwa mujibu wa mila." Mtu hawezi kuisoma pakruok, Aloo. Mimi siku ya kwanza nilipoisikia chuoni nilidhani watu wanagombana, mpaka nikatazama nyuso zao. Waambie wafungue sauti.

Tatu, huyu Waswa. Amekurudishia barua kwamba "haina faili la kuingia." Isome tena hiyo sentensi. Mimi ni Mbukusu mwenzake, nakwambia huyo mtu amekufanyia jambo kubwa na hataki kushukuriwa. Ichome hiyo barua ya samaki.

Andika leo.

Aliyewafuta walimu wakuu watatu,
A. Nakhumicha


Migosi, Kisumu
20 Februari 2025

Kwa Bw. Waswa,

Asante kwa bahasha. Yote yaliyokuwa ndani yake nimeyapokea.

Umeniomba nikueleze kama mtu wa Bungoma. Kwenye ngoma zetu kuna wakati mtu husimamisha wapigaji ili ajisifu. Tunaita pakruok. Hutaja kwao ni wapi, rafiki zake ni akina nani, na yeye mwenyewe ni mkubwa kiasi gani. Kinachotakiwa ni kusema jambo kubwa hadi wasikilizaji washindwe kujizuia. Akimaliza ngoma hurudi, na mwingine hutaka kusema kubwa zaidi. Aliyenitangulia alikuwa mjomba wangu, na alisema yeye ni ng'ombe.

(a) Ziwa bado lipo. Naliona nikisimama kwenye kiti.

(b) Mamba ni mamba. Hawajanilipa.

(c) Nilisema meli, ile kubwa ya zamani ya abiria. Binamu yangu alipotafsiri aliandika stima, na kwa Kiswahili cha zamani hakukosea, stima ni meli. Umeme sijaula. Mita ya chumba changu inasoma vizuri, mnaweza kuja kuitazama.

(d) Polisi hawanijui.

(e) Nakhumicha ni mwalimu wa Kiswahili na anawaheshimu sana walimu wakuu wote, walio kazini na waliostaafu.

Nina ombi moja. Taarifa mliyoletewa imeandikwa na mtu aliyesoma maneno chini ya picha. Tafadhali, kamati ikiketi, fungueni sauti. Tazameni pia watu waliosimama nyuma yangu. Mtu aliyeiba mali ya serikali hawezi kusimamisha ngoma ili kijiji kizima kimsikie akisema ameiba, na kijiji kizima hakiwezi kumshangilia vile.

Bw. Waswa, sijawahi kuwa na furaha hadharani kama siku ile. Ingekuwa vibaya kuipoteza kazi kwa sababu yake, lakini nisingeifuta.

Wako mwaminifu,
Maryanne Aloo


KAMPUNI YA VIZIMBA VYA NGEGE
Ofisi ya Wafanyakazi, Kisumu
4 Machi 2025

Kwa Bi. Aloo,

KUH: UAMUZI WA KAMATI

Kamati iliketi jana chini ya meneja wetu, Mama Dorca. Taarifa ya wakaguzi ilisomwa. Mjumbe mmoja alisema suala la umeme ni zito. Hapo nikasoma maelezo yako, nikaomba ruhusa tutazame video yenye sauti.

Ni wajibu wangu kuandika yaliyotokea. Uliposema habari ya kijiko, Mama Dorca alivua miwani. Uliposema mamba, alipiga meza. Uliposema meli, Mzee Ouma, nahodha wetu wa boti, aliomba irudiwe, ikarudiwa, akaomba tena. Yule mjumbe wa umeme alisema kwamba meli hiyo marehemu baba yake aliwahi kuipanda, na kwamba haimezeki kwa uji, labda kwa togwa. Kikao kilivurugika kwa muda.

Mama Dorca aliniuliza, "Na wewe Waswa, unajipaka nani?" Nikasema sina jina la kujisifu la namna hiyo. Nimeagizwa nisije ofisini Jumatatu bila kuwa nalo.

Kamati imeona huna kosa la kujibu. Wakaguzi wa Nairobi wameandikiwa kwamba mamba waliotajwa ni mamba. Unaajiriwa kuanzia tarehe 17 Machi. Mkataba umeambatanishwa. Usome kabla ya kutia sahihi; safari hii chukua muda.

Pole kwa usumbufu. Naliandika hili kwa niaba yangu mwenyewe, si ya kampuni.

Nicodemus Waswa
Afisa wa Wafanyakazi


Migosi, Kisumu
30 Machi 2025

Nakhu wangu,

Nilikutumia ujumbe mfupi "nimepata," nikashindwa kuongeza neno. Mwili ulikuwa umelegea kama nguo iliyotolewa kwenye karai. Nililala mchana, mimi ambaye silali mchana hata nikiugua. Niliamka nikala ugali na omena peke yangu, nikaongeza, nikaongeza tena.

Pasipoti ninayo. Wakala alinung'unika kidogo, kisha akaniuliza kama nina rafiki mwenye nia. Nikatoka na pasipoti yangu. Nilipompigia mama Ahero, aliweka simu chini bila kuikata, nikamsikia anatembea uani anaimba. Nilisubiri mpaka alipokumbuka kwamba niko.

Sasa jambo ambalo utanigombeza. Ile barua ya samaki sikuichoma. Siku ya tatu kazini nilimfuata Mama Dorca akiwa peke yake, anakula karanga. Sikutaka kuwa ndani ya nyumba ambayo sijabisha hodi.

"Mama, kuna kitu niliandika zamani kuhusu watu wa vizimba."

"Kitu gani?"

"Kwamba afisa wa mahusiano ni pazia."

Akaacha kutafuna. "Lile la ngege waliokufa? Lilikuja kwenye simu yangu mara sita, halina jina. Lilinikera wiki nzima. Nilidhani ni mwanamume ameliandika."

"Ni mimi, Mama."

Akanitazama, Nakhu. Nilihesabu karanga zilizobaki kwenye sahani ili nisikimbie. Kisha akasema, "Sawa. Sasa pazia ni wewe, nyathina. Nikikuona unaning'inia tu hapo dirishani, nitakutoa mimi mwenyewe." Akanisogezea sahani.

Nyathina. Mtoto wangu. Nilirudi mezani kwangu nikaandika tangazo langu la kwanza la fuo, mistari minne, nikamsomea Mzee Ouma kwa sauti. Akaniambia futa wa tatu, hausemi kitu. Nikaufuta.

Lakini ninalotaka kukuambia ni la juzi. Kampuni inatafuta walinzi wa vizimba, na watu wa Nairobi wameleta taarifa zao. Waswa akaniwekea mezani zile zenye alama nyekundu. (Amepata jina, ila ananikataza kulitaja nje ya ofisi. Lina tembo ndani yake.) Akasema, "Madam, wewe unaijua hali hii. Tusaidie kusoma."

Nilitaka kukataa. Nilizitazama zile karatasi nikajisikia nimevaa macho ya yule mtu niliyemwogopa mwezi mzima. Kisha nikafikiri, nikikataa atasoma mwingine, na huyo mwingine hajawahi kumeza meli.

Wa kwanza ni kijana wa Nyalenda anayeitwa Joram. Alama nyekundu: "tishio la kuua." Ameandika, "Leo jioni namzika Oluoch akiwa hai, njooni mshuhudie." Chini yake kuna picha. Watu wa Nairobi hawakuikuza. Nimeikuza. Ni ubao wa drafti juu ya kreti, kete ni vifuniko vya soda, na Oluoch ameshika kichwa, amebakiwa na kifuniko kimoja. Nimeandika pembeni: "Ni drafti. Aitwe." Nilicheka mpaka Waswa akaja kutazama, naye akasema Oluoch angecheza kushoto.

Wa pili amenishinda. Ameandika maneno marefu kwa Kikisii, na picha ya panga lililofungwa kitambaa chekundu. Mimi sijui Kikisii. Waswa hajui. Nairobi wameandika tu "lugha haikutambuliwa, hatari." Nakhu, niliishika ile kalamu muda mrefu. Ningeweza kuandika chochote pale pembeni, na kijana mmoja asingejua kamwe kwa nini hakuitwa. Hicho ndicho nilichokiogopa Februari yote, na sasa kilikuwa mkononi mwangu, chepesi kabisa.

Nikaandika: "Aitwe, atusomee mwenyewe."

Waswa akasoma, akakuna kidevu. "Na akitudanganya?"

"Tutakuwa tumemsikia, angalau."

Akaichukua karatasi, akaigonga muhuri.

Anakuja Alhamisi.

Wako, niliyelala vizuri,
Maryanne Aloo